Shajara ya mradi: swichi na vihisi vya nyumba ya Kiponda

Jumamosi. Hali ilivyo

Nyumba iko Kiponda, Mji Mkongwe. Chini pana ukumbi na ua wa katikati, juu ghorofa mbili, na juu kabisa dari ya kupunga upepo lilipokaa tangi la maji. Mwenyewe, Bi Mkubwa, anaishi chini na wajukuu wake, vyumba vya juu anawapangisha wageni. Anachotaka si anasa. Taa za ngazi ziwake mtu akipita na zijizime. Ajue mlango mkubwa umefungwa bila ya kushuka kuukagua usiku. Na pampu izime tangi likijaa, maana kila likifurika maji hushuka kwenye kiambaza cha jirani na maneno huanza upya.

Vifaa karibu vyote ni vya Zigbee, redio ya vifaa vidogo vya nyumbani, isipokuwa soketi mbili za Wi-Fi alizoletewa na mwanawe kutoka Dubai. Mashine inayosimamia kazi ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, na Zigbee2MQTT, inayozungumza na vifaa vya Zigbee. Imewekwa kabatini chini, pembeni ya rauta ya intaneti. Kijiti cha USB kilichochomekwa humo ndicho koodineta, kile kinachoanzisha mtandao na kukaribisha vifaa vipya.

Swichi za chini zimeoana, yaani zimejiunga na mtandao, bila ya shida. Kuanzia ghorofa ya kwanza ndipo mambo yanapokwama. Swichi moja imeingia kwenye orodha ikiwa na namba zake tu, bila ya jina la aina yake, kwa sababu mashine ilianza kuihoji na mahojiano hayakwisha. Kihisi cha mwendo cha ngazini kinapepesa taa ya buluu kisha kimya. Cha mlango wa juu kiliingia mchana, usiku kikapotea.

Fundi aliyetangulia aliacha maneno kwamba vifaa ni vibovu, vinunuliwe vyengine. Sikubaliani naye. Kila kilichogoma juu nimekileta chini, nikakiweka hatua mbili kutoka kabatini, na kimeoana. Kifaa kibovu hakichagui chumba.

Jumapili. Kelele za kabatini

Nimeanza na kabati kwa sababu ndilo rahisi kulirekebisha. Kwenye Pi, diski ya SSD imechomekwa tundu la buluu la USB 3, na koodineta imechomekwa tundu la jirani, zimegusana kabisa. USB 3 ikifanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Zigbee inazungumza humo humo. Jambo hili si la kubahatisha: Intel walilieleza kwa vipimo kwenye waraka wao wa 2012. Kihisi cha betri kina sauti ndogo, na koodineta iliyobanana na diski ni sawa na mtu anayeitwa kwa mnong'ono huku amesimama mbele ya spika za rusha roho.

Nimehamisha koodineta kwenye tundu jeusi la USB 2, kwa waya wa kurefushia wa mita moja na nusu, kisha nikaitundika juu ya kabati, nje, antena imesimama wima. Waya wenyewe ni wa bei ya sahani ya urojo. Swichi iliyokwama kwenye mahojiano imemaliza mara nilipoichochea tena. Vihisi vya ghorofa ya kwanza bado.

Jumatatu usiku. Chaneli

Nimengoja mpaka saa tatu usiku, wageni wamerudi na kila mmoja yuko kwenye simu yake, ndipo nikapima Wi-Fi za mtaa. Mchana kipimo hicho kinadanganya. Vichochoro vya Kiponda ni vya kupishana kwa bega, na nyumba ya wageni ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni zote zina rauta zao.

Kwa asiyejua hesabu yake: Zigbee ina chaneli 16 kwenye masafa haya, kuanzia 11 hadi 26, zimepishana megahezi tano tano. Ya 11 iko 2405, ya 26 iko 2480. Wi-Fi chaneli 1 imekaa katikati ya 2412 na inatanda kama megahezi kumi kila upande, kwa hiyo Zigbee 11 iko ndani yake. Zigbee2MQTT ukiiacha ilivyokuja huanza na hiyo 11, na humu ndani imeachwa hivyo hivyo.

Ushauri unaoukuta kila mahali ni kuhamia 25, kwa kuwa iko 2475, juu ya Wi-Fi 11. Ni ushauri mzuri kwa Marekani, ambako rauta huishia 11. Rauta za huku kwetu hupanda mpaka 13, na kipimo cha leo kimeonyesha moja ya jirani, yenye nguvu, imekaa hapo hapo 13. Ikitanda inafika 2482, inaifunika 25 na 26 zote mbili.

Zilizobaki na nafasi ni 15 na 20, ambazo huingia kwenye mianya, ya kwanza kati ya Wi-Fi 1 na 6, ya pili kati ya 6 na 11. Mtaani kwetu 1 na 6 zimejaa, 11 haina watu wengi. Nimechagua 20. Rauta ya Bi Mkubwa nimeifunga kwenye chaneli 1 na upana wa megahezi 20. Ilikuwa inajichagulia yenyewe na inajitanua mpaka 40, na rauta ya namna hiyo si jirani mwema.

Kubadilisha chaneli huwatupa nje baadhi ya vifaa, inabidi vioanishwe upya. Ndiyo sababu nimelifanya leo, vikiwa vichache.

Jumanne. Nyutro

Hapa ndipo penye kiini cha mradi wote.

Nimezima meni swichi, nikahakikisha kwa testa kisha kwa mita, nikafungua boksi la swichi la ghorofa ya kwanza. Ndani mna nyaya mbili tu: wa moto unaoshuka, na unaorudi juu kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, hamna. Nikafungua la pili na la tatu, hali ni hiyo hiyo. Waya wa zamani, umepita juu ya chokaa ndani ya paipu nyeupe, na boksi ni zile za mraba za kiingereza.

Swichi zilizonunuliwa Kariakoo ni za aina isiyohitaji nyutro. Zinafanya kazi, lakini kwa kuiba umeme kidogo kupitia balbu ili zisife njaa. Zina gharama mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: balbu ndogo ya LED haizimiki kabisa, inabaki na mwanga hafifu au inapepesa, mpaka ufunge kapasita sambamba nayo. Ya pili haionekani, na ndiyo iliyotuumiza. Kwenye Zigbee kifaa chenye umeme wa kudumu huwa kipokezi, kinapokea ujumbe wa mwenzake wa mbali na kuupeleka mbele. Swichi isiyo na nyutro kwa kawaida haifanyi kazi hiyo. Inabana matumizi, inajisemea yenyewe tu.

Basi nimechora ramani ya mtandao na ukweli ukatoka. Ghorofa mbili zima, swichi tele ukutani, na hakuna kipokezi hata kimoja. Vihisi vya juu vilikuwa vinaita koodineta ya chini moja kwa moja kupitia sakafu na viambaza. Kuoanisha ni nusu ya kazi tu. Kifaa lazima kiwe na wa kumshika mkono pale pale kitakapoishi.

Nimempitia fundi mzee wa Mkunazini, aliyefunga umeme nyumba nyingi za mji huu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza.

"Nyutro ya nyumba hizi usiitafute ukutani, mwanangu. Itafute juu, kwenye silingi rozi."

"Moto wa kudumu nao uko huko, ami?"

"Uko. Moto unapita rozi hadi rozi, swichi inateremshiwa tu. Fungua uone."

Nimefungua, ndivyo ilivyo. Kwenye rozi, kile kikombe cha darini kinachoning'iniza balbu, mna moto wa kudumu, mna nyutro, na mna ule unaorudi kutoka kwenye swichi. Kwa hiyo mpango umebadilika. Swichi za Kariakoo zinashuka. Badala yake rilei ndogo za Zigbee, swichi zinazoamrishwa kwa redio, zenye kuhitaji nyutro, zinakaa juu ndani ya boksi la plastiki kando ya rozi: moto na nyutro zinaipa uhai, waya unaorudi kutoka swichi unaingia tundu la kuamrisha, na waya mwengine kutoka tundu la kutolea la rilei unakwenda kwenye balbu. Swichi ya zamani inabaki ukutani. Mgeni anabonyeza kama alivyozoea, na kila taa yenye rilei imekuwa kipokezi.

Bi Mkubwa amefurahi kwa sababu yake mwenyewe. Zile swichi za kioo za kugusa hakuzipenda tangu siku ya kwanza. "Mtu mwenye mkono wa unga wa chapati aguse wapi?"

Tahadhari moja kwa atakayefanya kazi hii nyumba ya zamani: taa ya ngazi. Ina swichi mbili, chini na juu. Nilipofunga rilei yake na kuwasha, breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ikaruka papo hapo. Moto wa taa hiyo unatoka kwenye mzunguko wa chini, nyutro imeazimwa kutoka mzunguko wa juu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua, maana RCD imefungwa juzi juzi tu. Umeme unakwenda njia moja na kurudi nyengine, na RCD inachokiona ni uvujaji. Usiiondoe RCD ili taa iwake. Vuta nyutro ya mzunguko wake. Imenila sehemu kubwa ya alasiri, na vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi.

Jumatano. Soketi za Dubai

Fupi. Soketi za Wi-Fi zinasikia gigahezi 2.4 tu. Rauta ilikuwa inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, simu ya mjukuu imeng'ang'ania 5, na ulinzi wa nywila umewekwa WPA3 pekee, aina mpya ambayo soketi hizi haziifahamu. Nimefungua jina la pili la 2.4 lenye WPA2 kwa ajili ya vifaa, nikasogeza simu huko wakati wa kuoanisha. Zimeingia zote mbili. Moja imekwenda kwenye friji la ukumbini, kupima matumizi tu, si kulizima.

Alhamisi. Kiambaza

Rilei zote zimeshafungwa, na ramani ina sura nyengine. Pamoja na hayo chumba cha nyuma cha ghorofa ya pili kina shida.

Viambaza vya nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Jiwe lenyewe lina vitundu, linakunywa maji, na mvua za vuli ndiyo kwanza zinakwisha. Redio ya 2.4 haipatani na maji hata kidogo. Nimepima kiambaza kile kile pande mbili: ukumbini ubora wa ishara ya kipokezi unasomeka 140 kati ya 255, nyuma ya kiambaza 30 na kitu.

Sakafu ndiyo iliyonishangaza, kwa uzuri. Juu ya vyumba ni boriti za mikandaa zilizopangwa, kisha mawe na chokaa, na zege lenye nondo halimo. Ishara inapita juu-chini vizuri kuliko inavyopita ubavuni. Na kwenye ua haina kizuizi chochote. Kwa hiyo njia ya mtandao katika nyumba hii si ya chumba kwa chumba. Inatoka chumbani kwa mlango au dirisha, inavuka ua, inaingia upande wa pili. Nimeongeza soketi moja ya Zigbee kwenye baraza la ghorofa ya pili linalotazama uani, haiwashi chochote, kazi yake kupokezana tu. Chumba cha nyuma kimepanda kutoka 30 hadi 95. Sijatoboa kiambaza, na ingekuwa tabu: mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kutoboa hovyo kuna wenyewe wa kukuuliza.

Ijumaa, baada ya sala. Vihisi vya betri

Sasa ndiyo zamu yao, na mpangilio huu nausisitiza: vya umeme kwanza, vya betri mwisho. Kihisi cha betri huchagua wa kumshika wakati wa kujiunga, na baadhi yao wakishamchagua hawambadilishi. Ukikioanisha kabatini kitamshika koodineta, ukikipandisha juu kinaendelea kumtafuta yule yule wa chini mpaka kinakata tamaa. Ndicho kilichokipata cha mlango wa juu. Kwa hiyo nimepanda navyo, kila kimoja nimekioanisha mahali pake.

Utaratibu nilioutumia kwa cha ngazini, na umefaa kwa vilivyobaki:

Kwanza nimekifuta kwenye orodha, kwa nguvu, kwa sababu rekodi ya zamani ilikuwa inakitambua nusu nusu. Kisha nimefungua mlango wa kujiunga kupitia kipokezi kimoja tu, rilei ya taa ya ngazi, siyo mtandao mzima. Dirisha hilo hudumu sekunde 254. Nimeshikilia kitufe kidogo kwa pini mpaka taa ikapepesa mara tatu, nikaachia. Halafu kila baada ya sekunde mbili nikakibonyeza kidogo, bila ya kushikilia. Hatua hii ndiyo watu wanaiacha. Kihisi cha betri hulala upesi kuokoa umeme, na kikilala katikati ya mahojiano unarudi ulikotoka. Mjukuu mdogo alipewa kazi ya kubonyeza, mimi nikisoma skrini: kimejiunga, mahojiano yameanza, mahojiano yamefaulu. Alitaka aendelee.

Betri. Mbili za CR2032 zilizotoka dukani zinasoma volti 3 zikiwa zimekaa tu, lakini ukiziwekea mzigo mdogo wa kipingamizi zinaanguka mpaka 2.5. Kihisi hula umeme mwingi kuliko wakati wowote kinapojiunga, kwa hiyo betri ya namna hiyo itakiwasha kitaa na kukiangusha pale pale. Pima ikiwa na mzigo, au anza na mpya kabisa.

Jumatatu ya pili. Umeme ulikatika

Umekatika usiku wa manane na kurudi karibu na alfajiri. Uliporudi, taa zote za ghorofa ya pili zimewaka pamoja, na mgeni mmoja ametoka nje akidhani kuna moto. Rilei hizi zikitoka kiwandani zimepangwa ziwake umeme ukirudi. Nimezibadilisha zote zirudi kwenye hali ya mwisho. Mpangilio huo umo ndani ya rilei yenyewe, hauingoji mashine.

Pi imewekewa UPS ndogo, betri ya akiba, pamoja na rauta. Nyumba hii ina sanduku la kuchagua umeme au jenereta tangu lile giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka bara. Jenereta yenyewe imeshauzwa, sanduku limebaki, na Bi Mkubwa hataki liguswe.

Vihisi vyote vimerudi vyenyewe isipokuwa kimoja cha unyevu, nacho kimerudi baada ya kubonyezwa.

Jumatano. Mlango na pampu

Mlango mkubwa ni wa kuchonga, na hakuna atakayebandika plastiki juu ya nakshi hizo. Kihisi kimekaa ndani, juu kwenye fremu, sumaku kwenye ubao wa nyuma. Njumu za shaba hazisumbui sumaku. Komeo la chuma ndilo husumbua, kwa hiyo nimelikwepa. Mbao hizi huvimba wakati wa masika, nimeacha nafasi kama sentimita moja tu ili hata ukikaa vibaya sumaku isomeke. Gundi ya pande mbili haishiki kwenye chokaa chenye chumvi. Nimetumia ubao mwembamba na skurubu kwenye tundu la zamani.

Pampu ni ya nguvu farasi moja, kama wati 750. Kwa namba inaingia ndani ya uwezo wa rilei, lakini mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake, na rilei ndogo huungana chuma kwa chuma, isizime tena. Kwa pampu ya maji hilo ni balaa lenyewe tunalolikimbia. Rilei ya Zigbee inaamrisha kontakta, swichi kubwa ya umeme mzito, na kontakta ndiyo inabeba pampu.

Kihisi cha maji kimewekwa kwenye kisahani chini ya bomba la kumwagia, kina kifuniko, la sivyo mvua ingesomeka kuwa tangi limejaa. Sikitegemei peke yake. Zigbee2MQTT kwa mpangilio wake wa kawaida hungoja saa 25 kabla ya kukiita kifaa cha betri kuwa kimepotea, na kwa saa 25 pampu ingeujaza mtaa. Kwa hiyo amri ya kuwasha pampu inatumwa pamoja na muda wa kuzima, dakika 40, na rilei inajihesabia yenyewe hata Pi ikiwa imekufa. Boya la zamani ndani ya tangi nalo limebaki.

Tumejaribu kwa kumwaga kata ya maji kwenye kisahani. Kontakta imeachia kabla kata haijaisha. Jirani alikuwa dirishani, akauliza kama sasa atapaka upya kiambaza chake. Bi Mkubwa kamjibu asubiri masika ipite kwanza.

Kilichobaki: betri mbili mpya za vihisi vya vyumba vya nyuma, na karatasi ya kubandika ndani ya mlango wa kabati yenye chaneli 20, majina ya rilei na rozi zilipo, na onyo la nyutro ya ngazi kwa fundi atakayekuja baada yangu.